UZI: Murder! ya Hitchcock (1930) kwenye Blu-ray. Tujadili picha, sauti, na suala la Handel Fane

Mchana Reli (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za Hitchcock humu hazikosekani, ila nyingi ni za yule wa Hollywood. Naomba leo tumrudie Hitchcock wa studio za Elstree, alipokuwa hajafikisha miaka 31 na sauti ndiyo kwanza imeingia kwenye sinema za Uingereza. Filamu ni Murder!, iliyooneshwa London kwa mara ya kwanza Julai 31, 1930, kazi ya kampuni ya British International Pictures. Ninayo diski ya Blu-ray iliyotolewa na Kino Lorber wa Marekani mwaka 2019, na nasema bila kusita: wengi wanaodai filamu hii inachosha hawajaiona. Waliona kopi.

Mnazijua hizo kopi. Filamu za Hitchcock za kipindi cha Uingereza zilizagaa kwa miaka mingi kwenye DVD za bei chee, nyingi zikiwa zimejazwa kwenye boksi moja, kisha zikahamia mtandaoni. Picha imefifia mpaka huoni macho ya mtu, sauti inakwaruza, vichwa vimekatwa. Filamu ya ngumi na magari unaweza kuivumilia katika hali hiyo. Hii huwezi, kwa sababu mwongozaji ameitegemeza kesi nzima kwenye sauti za watu usiowaona na kwenye vitu vidogo vilivyoko pembeni mwa picha.

Kwa ambao hawajaiona, kisa ni hiki (mwisho nauacha kwanza). Ni usiku, mtaa umelala, mara unasikika ukelele na mlango kugongwa kwa nguvu. Watu wanachungulia madirishani. Ndani ya nyumba moja Edna Druce, mwigizaji wa kikundi cha maigizo ya jukwaani, ameuawa kwa chuma cha kuchochelea moto. Kando yake ameketi mwigizaji mwenzake, Diana Baring, ameduwaa, hakumbuki kitu. Diana anashtakiwa. Kati ya wajumbe 12 wa jopo la mahakama yumo Sir John Menier, nguli wa jukwaa la London, anayechezwa na Herbert Marshall. Sir John ana mashaka, wenzake wanambana, mwisho anakubali kwamba binti ana hatia. Akirudi nyumbani nafsi inamsuta, anaanza kuchunguza mwenyewe huku siku ya binti kunyongwa ikikaribia.

Kuhusu umbo la picha. Filamu bubu zilitumia karibu upana wote wa utepe wa milimita 35. Sauti ilipoanza kuchapwa kwenye utepe huohuo, mstari wake ulimega upande mmoja na picha ikabaki karibu mraba, kama 1.20 kwa 1. Hali hiyo ilidumu miaka michache tu, ndiyo maana wengi hawaijui. Televisheni za zamani zilikuwa 1.33 kwa 1, kwa hiyo watengenezaji wa video walikata juu na chini ili skrini ijae. Hapo ndipo paji la uso la Sir John lilipopotelea. Kwenye diski hii picha imeachwa na umbo lake, ina weusi mpana kulia na kushoto. Msiibonyeze ijae skrini, tafadhali.

Sasa sauti. Chukua tukio la Sir John akinyoa ndevu. Amesimama mbele ya kioo, redio imewashwa, inapiga utangulizi wa Tristan und Isolde wa Wagner. Midomo yake haitikisiki, lakini tunasikia mawazo yake: anaipitia kesi upya, kitu kimoja kimoja, muziki nao unapanda pamoja na wasiwasi wake, mpaka linapomjia swali lililowapita wote 12: ile glasi ya brandi iliyokutwa tupu, nani aliinywa? Diana anasema si yeye. Leo mhariri angefanya hayo yote mezani kwake kwa kompyuta. Mwaka 1930 kwa masimulizi ya Hitchcock mwenyewe haikuwezekana kuongeza sauti baadaye, ilibidi kila kitu kinaswe papo hapo. Basi wakaweka okestra ya watu kama 30 studioni, nyuma ya ukuta wa bafu la kuigiza, wapige Wagner moja kwa moja. Maneno ya Marshall yalikuwa yamerekodiwa kabla, yakachezeshwa hapohapo naye akiyasikiliza kwa uso tu. Mtu ananyoa, anajisikiliza, na nyuma ya ukuta kuna okestra kamili.

Kwenye zile kopi mbovu tukio hili ni mvumo mtupu. Kwenye diski unasikia sauti ya redio na sauti ya mawazo zimetengana, kila moja ina nafasi yake. Mkwaruzo wa utepe wa kale bado upo, na mimi nashukuru hawakuusafisha kupita kiasi, maana ukiondoa kila mkwaruzo unaondoa na pumzi za waigizaji.

Ziada zilizomo: maelezo ya mchambuzi yanayokwenda sambamba na filamu, mwisho mbadala, kipande cha sauti cha mahojiano ya Hitchcock na mwongozaji Mfaransa François Truffaut, na kubwa kuliko zote, filamu nzima ya pili iitwayo Mary, ambayo ni Murder! ileile kwa Kijerumani. Hiyo nitairudia.

Karibuni.

---

Jogoo la Ngara

Asante kwa uzi mzito. Swali la kiufundi kabla sijaingia mfukoni: diski ya Marekani itacheza kwenye deki iliyonunuliwa Nairobi?

---

Msafiri wa Toronto

Kaka Jogoo, hapa usikimbilie kununua. Blu-ray zimegawanywa kanda tatu. Marekani na Canada wako kanda A. Afrika, Ulaya, Mashariki ya Kati na Australia wako kanda B. Kwa hiyo deki ya kawaida ya Nairobi, Dar au Maskati ni ya B, na diski iliyofungwa kwa kanda A itakataa. Mimi huku nacheza hiyo ya Kino bila shida kwa sababu niko A.

Ninyi mlioko huko mnafaa zaidi na matoleo ya Uingereza. StudioCanal, ambao ndio wenye hazina ya filamu za British International Pictures, walitoa kasha la Blu-ray liitwalo Hitchcock: The Beginning mwaka 2024. Murder! na Blackmail zote zimo. Hilo ni kanda B.

Ila ukitaka DVD mambo yanageuka: kwenye DVD Uingereza ni kanda 2 na sehemu kubwa ya Afrika ni kanda 5. Watu wengi hapo hununua wakidhani Afrika na Ulaya ni kitu kimoja, kwa sababu kwenye Blu-ray ni kweli. Njia rahisi ni deki isiyo na kufuli la kanda, au kuchezea kwenye kompyuta.

Kuna sababu nyingine ya kuikwepa DVD ya Uingereza. Filamu ilipigwa picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa televisheni wa PAL, unaotumiwa na DVD za huko, unacheza 25, kwa hiyo filamu ya dakika 104 inakwisha kwa 100, na sauti zote zinapanda kidogo. Si hata nusu toni kamili, lakini kwenye hilo tukio la Wagner alilolieleza mwanzisha uzi, mwenye sikio la muziki ataling'amua, na sauti nzito ya Herbert Marshall inakuwa nyepesi isivyo yake. Blu-ray inacheza kwa kasi ya filamu yenyewe.

---

Jogoo la Ngara

Umeniokolea pesa, mdau. Natafuta hilo kasha.

---

Kisima Kirefu

Mkuu Mchana Reli, nakuheshimu, ila nitapinga. Mimi nimeiona kwenye toleo safi, si kopi, na bado naona ni filamu nzito kutembea. Watu wanaongea, wanaongea, wanasita, wanasubiriana. Blackmail ya mwaka mmoja nyuma yake, 1929, ina damu zaidi. Pale binti amemuua mtu aliyetaka kumbaka, kesho yake asubuhi yuko mezani na wazazi, jirani anapiga umbea kuhusu mauaji, na maneno yote yanageuka kuwa mvumo isipokuwa neno moja, kisu, kisu, kisu, mpaka kisu cha mkate kinamruka mkononi. Hiyo ndiyo sauti kutumika kisinema. Murder! ni jukwaa lililopigwa picha.

Na kama ni diski ya kununua, ningesema mtu aanze na Blackmail kwa sababu ipo ya aina mbili, bubu na ya sauti. Ile bubu ilikarabatiwa na BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, na kuoneshwa mwaka 2012 kwenye uwanja wa British Museum, palepale panapofanyikia ule msako wa mwisho. Ukiziweka pamoja unaona kwa macho yako sinema inajifunza kusema.

---

Mchana Reli

Kisima Kirefu, karibu sana, na Blackmail sitaishusha hata kidogo. Hata yule Anny Ondra, aliyecheza binti huyo, mzaliwa wa himaya ya Austria na Hungaria, lafudhi yake ilipokataliwa na kurekodi baadaye kukawa hakuwezekani, Joan Barry alisimama nje ya picha akisema maneno kwenye kipaza sauti huku Ondra akifungua mdomo. Ukilijua hilo, ukirudi kwenye tukio la kisu unaona binti aliyenyang'anywa sauti mara mbili.

Lakini ulilolisema la watu kusita lina maelezo, na Hitchcock mwenyewe alikiri kwa Truffaut. Kwenye Murder! alijaribu kuwapa waigizaji mazingira tu, wajitungie maneno. Hawakuweza, wakawa wanafikiri kwanza halafu wanasema, na yeye hakuridhika. Kwa hiyo ndiyo, kuna sehemu zinajikokota, na chanzo ni jaribio lililogoma.

Kuhusu kwamba ni jukwaa lililopigwa picha, hapo tutatofautiana. Tazama mambo mawili.

La kwanza, polisi wanahoji waigizaji nyuma ya pazia wakati onyesho linaendelea. Inspekta anauliza swali, mwigizaji anaanza kujibu, zamu yake inafika, anakatiza sentensi anaingia jukwaani, kicheko cha watazamaji kinasikika kwa mbali, anarudi akiwa ndani ya vazi lingine na kumalizia jibu. Humo humo Handel Fane, mmoja wa waigizaji hao, anapita akiwa amevaa kama mwanamke, kisha kama polisi. Wote wanadanganya kikazi, na polisi wanatafuta ukweli kati yao. Jukwaa haliwezi kukuonesha hilo, kwa sababu jukwaani mtazamaji amekaa upande wa pili wa pazia.

La pili, hukumu. Wajumbe wanatoka chumbani kwenda mahakamani. Mwongozaji mwingine yeyote angewafuata. Hitchcock anabaki chumbani. Mhudumu anaingia, anapanga viti, anaokota karatasi walizochorachora. Mlango uko wazi kidogo, na kutoka huko tunasikia: ana hatia au hana? Ana hatia. Kisha sauti ya jaji inasoma hukumu ya kifo, na huyu mzee anaendelea kufagia mabaki ya watu 12 waliomaliza kazi. Binti hatumwoni. Kwenye nakala mbovu ile sauti ya mlangoni haisikiki, unabaki unatazama mtu anafanya usafi, unasema filamu inachosha.

Niongeze na zulia. Markham, msimamizi wa jukwaa wa kile kikundi, anaitwa ofisini kwa Sir John. Anavuka chumba kumfuata huyo mkubwa, na miguu yake inazama kwenye zulia utadhani anakanyaga godoro. Hakuna maneno. Hiyo ni hofu ya masikini ndani ya nyumba ya tajiri, imepigwa picha kuanzia magotini kwenda chini.

---

Wakili Mtazamaji

Naomba niseme mawili matatu ya taaluma yangu.

Kwanza jopo. Wasomaji wa Tanzania tumezoea wazee wa baraza, ambao kazi yao ni kumpa jaji maoni, na jaji hafungwi nayo. Jopo la Kiingereza ni kitu kingine: watu 12 wa kawaida, wao ndio wanaoamua ana hatia au hana, na enzi hizo ilibidi wakubaliane wote. Ndiyo maana Sir John hawezi kujitenga na kusema mimi nimetoa maoni yangu. Bila yeye kukubali, Diana asingehukumiwa. Lile tukio ambalo wajumbe 11 wanamzunguka wakirudia kwa pamoja, kama kiitikio, una jibu gani kwa hilo, Sir John, lina uzito wa kisheria kamili. Na hukumu ya mauaji Uingereza ya 1930 ilikuwa kifo, jaji hana pa kuchagua.

Pili hakimiliki, maana naona wengi wanasema filamu za zamani ni za bure. Inategemea uko wapi. Marekani ulinzi wa filamu za 1930 umekoma mwishoni mwa 2025, baada ya miaka 95. Uingereza ni tofauti kabisa: inahesabiwa miaka 70 tangu afariki wa mwisho kati ya mwongozaji, mwandishi wa skripti, mwandishi wa mazungumzo na mtunzi wa muziki ulioandikiwa filamu hiyo. Hitchcock alifariki 1980. Lakini skripti ya Murder! iliandikwa na mkewe, Alma Reville, aliyefariki 1982. Kwa hiyo ni yeye anayeshikilia tarehe, hadi mwisho wa 2052. Kenya filamu inalindwa miaka 50 tangu mwaka ilipotengenezwa au kutolewa.

Nalitaja jina la Alma makusudi. Kwenye boksi nyingi utaona uso wa mume tu.

---

Binti Pangani

Nimesoma uzi wote na nashukuru. Ila mwanzisha uzi ameandika jina la Handel Fane kwenye kichwa cha habari na mpaka sasa hakuna aliyeligusa. Nitaligusa mimi. ANAYETAKA KUBAKI NA MWISHO AKIWA HAUJUI ARUKE UJUMBE HUU.

Muuaji ni Fane, na sababu ya kuua ni kwamba Edna alikuwa anataka kumwambia Diana siri yake. Siri yenyewe: ana damu ya Kiafrika. Ni chotara. Basi. Hiyo ndiyo aibu kubwa kiasi kwamba mtu anaua ili isitajwe, na Diana yuko tayari kunyongwa kuliko kuitamka.

Mimi ni chotara, wakuu. Nimekulia pwani ambako nyumba nzima ina rangi nne na hakuna anayeshangaa. Nilipofika kwenye tukio la gerezani, Sir John anambana Diana amtaje anayemlinda, anadhani ni mpenzi wake, naye anajibu kwa mshangao kwamba haiwezekani ampende, yule ni chotara. Anasema kwa wepesi kabisa. Huyu ni shujaa wetu, asiye na hatia, tunayeombwa tumwonee huruma. Niliisimamisha diski hapo.

Siombi filamu ifichwe. Nimefurahi toleo limeacha kila neno mahali pake. Ninachosema ni kwamba huwezi kuandika kurasa kuhusu okestra na umbo la picha, ukalipita hili kimyakimya. Mwaka 1930 Uingereza inatawala Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na hii ndiyo picha waliyokuwa nayo London kuhusu mtoto aliyezaliwa kati ya wao na sisi.

---

Mwalimu wa Drama

Dada Binti Pangani, umesema jambo lililotakiwa kusemwa mapema, na nakubaliana nawe. Naomba niongeze kuhusu Fane mwenyewe, maana yeye ndiye ninayemkumbuka kuliko wote.

Anachezwa na Esme Percy, mtu wa jukwaa hasa. Fane kazini huvaa nguo za kike, na Truffaut alimwambia Hitchcock waziwazi kwamba anaiona hadithi hii kama ya ushoga uliofunikwa kwa suala la rangi. Wachambuzi wengi wamefuata njia hiyo tangu hapo. Mimi nina wasiwasi nayo kidogo, kwa sababu inafanya kile alichokilalamikia dada: inaipuuza rangi, inasema suala halisi ni lingine. Maneno yanayosemwa kwenye filamu ni ya damu. Tuyachukue kama yalivyosemwa kwanza.

Ila tazama anavyopigwa picha. Sir John anamtegea mtego kwa kumwita ofisini asome nafasi ya muuaji kwenye mchezo unaohusu mauaji yenyewe, mbinu aliyoichukua kwa Hamlet na anajivunia. Fane anasoma, anafunua karatasi inayofuata, na ni nyeupe tupu. Uso wa Percy pale ni wa mtu anayeona shimo. Na mwisho wake: yuko sarakasini sasa, juu kabisa kwenye bembea, amevaa manyoya kichwani, kamera imekaa naye huko juu, inayumba anavyoyumba, watu chini wanazunguka. Anamaliza mchezo wake, anatengeneza kitanzi kwa kamba ileile ya kazi, anajirusha mbele ya watazamaji wote. Kelele, farasi, watu wanakimbia.

Halafu Sir John anafungua barua ya Fane. Nasema hivi kama mwalimu wa jukwaa: mwigizaji bora kuliko wote humo ndani ni yule aliyekufa, na Hitchcock alijua. Kwa Sir John kamera ina adabu. Kwa Fane ina mapenzi.

---

Binti Pangani

Mwalimu, hilo la mapenzi nalikubali nusu. Kamera inampenda, ndiyo. Lakini skripti inamhukumu, na dakika chache baadaye Sir John na Diana wako pamoja, amevaa vizuri, pazia linafungwa, watu wanapiga makofi. Hakuna hata mmoja anayerudi kusema maskini yule. Ningetaka wale wanaotoa matoleo haya, wanapolipa mtu aongee juu ya filamu kwa saa moja na nusu, siku moja wamwite na mtu ambaye hilo neno limewahi kumlenga yeye. Tungeambiwa vitu ambavyo hatujasikia.

---

Mwalimu wa Drama

Hapo huna mpinzani kwangu.

---

Mchana Reli

Dada, ahsante. Nililiweka jina la Fane kwenye kichwa cha uzi kwa sababu nilitaka hoja hii ije kamili, na wewe umeileta kamili kuliko ambavyo ningeweza. Kuhusu pazia la mwisho, ule mwisho mbadala uliomo kwenye diski hauifuti hukumu uliyoisema. Wanaoiangalia waitazame na hilo akilini.

---

Kisima Kirefu

Nimerudi kuiangalia tena ile sehemu ya mlango wa mahakama. Mkuu, umenishinda kwa ile moja. Kwa jumla bado nabaki na Blackmail.

---

Nahodha wa Kibao Kata

Naomba kueleweshwa kuhusu hiyo Mary. Kwa nini wafanye filamu nzima mara ya pili badala ya kubandika sauti ya Kijerumani?

---

Mchana Reli

Nahodha, kwa sababu kubandika huko kulikuwa bado hakuaminiki. Enzi za bubu filamu ilivuka mipaka kirahisi, unabadilisha vibao vya maandishi tu. Sauti ilipoingia soko la nje likafungwa ghafla. Suluhisho la muda likawa kupiga filamu moja mara mbili au tatu kwa lugha tofauti, kwenye seti zilezile. Elstree walikuwa wameshafanya hivyo na Atlantic ya E. A. Dupont mwaka 1929. Murder! na Mary zilipigwa sambamba: kundi la Waingereza linamaliza tukio, kundi la Wajerumani linaingia mahali palepale, taa zilezile, mpiga picha Jack Cox. Hitchcock aliongoza zote mbili, alikuwa akizungumza Kijerumani tangu alipofanya kazi Ujerumani miaka ya 1920. Mary ikatoka Ujerumani mwaka 1931, ikiwa fupi zaidi ya mwenzake. Mbinu hii ya matoleo pacha haikuishi sana, miaka michache baadaye kubandika sauti kukaboreka na ikafa.

Sir John wa Kijerumani ni Alfred Abel, yule aliyecheza bwana mkubwa wa mji kwenye filamu bubu ya Kijerumani Metropolis. Binti ni Olga Tschechowa. Na hapa ndipo utamu ulipo. Kuna tukio Sir John amelala nyumba ya kupanga karibu na palipofanyika mauaji, asubuhi mama mwenye nyumba anaingia na chai na kundi la watoto, wanapanda kitandani juu ya mheshimiwa, na paka naye ndani ya shuka. Mwenye nyumba ni Una O'Connor, hodari sana. Herbert Marshall anaendelea kumhoji kuhusu mauaji huku heshima yake ikivuliwa mbele ya macho yetu, naye anaichukulia kwa upole. Hitchcock alieleza baadaye kwamba vichekesho vya namna hii, vya mkubwa kushushwa hadhi, havikukaa vizuri kwenye toleo la Kijerumani, na mwigizaji wake hakustarehe navyo. Alisema kwamba lugha aliijua, ila si kiasi cha kusikia kinachochekesha ndani yake.

Kwa hiyo ukiangalia zote mbili, sehemu zile ambazo kamera, mwanga na kuta ni vilevile, unaona wazi ni kiasi gani cha filamu kinabebwa na mwigizaji. Abel anasimama wima zaidi. Anapochunguza anafanana na mwenye mamlaka anayesaka ukweli. Marshall anafanana na mtu aliyefanya kosa na anataka kulirekebisha kabla binti hajanyongwa, na kile kivuli cha kitanzi kinachopanda ukutani mwa seli kinamhusu yeye pia.

Anza na Murder!. Siku nyingine, usiku, weka Mary, na kama Kijerumani hukijui washa maandishi. Ukifika kwenye tukio la kunyoa ndevu la Mary, rudi ufungue la Marshall mara moja, yafuatane. Kisha njoo hapa utuambie nani kati yao unamwamini anapouliza ile brandi ilinywewa na nani.